Uso Uwakao Moto Hauzimwi kwa Krimu ya Kibandani

Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Hai Cinema, hapa Juba. Aliyeiandika ni mke wa askari polisi, mama wa watoto watatu, na kitinda mimba wake angali ananyonya. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi tumeheshimu ombi hilo. Anaeleza kwamba yapata miaka miwili sasa alinunua kwenye kibanda kimoja sokoni kikopo kidogo cha krimu iliyochanganywa na muuzaji mwenyewe, kikopo kisicho na jina wala maandishi yoyote. Wiki za mwanzo uso ukawa laini na ukang'aa, majirani wakamsifu. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuhisi mashavu yakimchoma kila alipoinamia jiko. Vikafuata vipele vidogo vidogo puani, mashavuni na kidevuni. Akiiacha krimu siku tatu, uso huvimba na kuchonyota hata usingizi haupatikani. Akiirudia, hutulia jioni ile ile. Mumewe amemwambia aitupe. Wifi yake anasema ni damu chafu. Jirani mmoja anashuku husuda. Mwisho wa barua dada yetu anauliza: je, iko krimu yenye nguvu zaidi ya hii, itakayomtuliza moja kwa moja?

Jibu letu ni hapana. Tena tungependa yeye na wenzake wengi wenye kikopo kama hicho nyuma ya kioo cha kujitazamia watusikilize kwa utulivu, maana hatuandiki ili kumcheka mtu. Krimu anayoitafuta anayo tayari. Ile inayomtuliza jioni ndiyo inayomwunguza mchana, na kila siku anayoipaka huongeza deni ambalo uso utalidai siku ya kuiacha.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa ngozi wana maradhi wanayoyaita rosasia. Ni maradhi ya muda mrefu ya ngozi ya uso: mishipa midogo ya damu hutanuka upesi kwa sababu ndogo tu, kama vile joto, jua, kinywaji cha moto au hata hasira, na ngozi hubaki imechemka, ikichoma kama iliyopakwa pilipili. Baadaye huweza kutokea vipele na vijipu vyenye usaha vinavyofanana na chunusi, ila havina vile vichwa vyeusi vya chunusi. Rosasia haiambukizi, wala haitokani na uchafu wa mwili au wa damu. Hesabu iliyokusanywa na watafiti mwaka 2018 kutoka nchi mbalimbali ilikadiria kwamba watu wazima wapatao 5 katika kila 100 duniani wanayo.

Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari viliyaandika maradhi haya kuwa ni ya Wazungu, kwa sababu alama yake kubwa ni wekundu wa uso. Lakini wekundu juu ya ngozi nyeusi ni kama mkaa uwakao juani: moto upo, ila jicho haliuoni. Kwa mtu mweusi sehemu iliyochemka huonekana kahawia iliyokolea, au yenye rangi ya zambarau kwa mbali, na pengine haibadiliki kabisa. Ndiyo maana mgonjwa wetu akimwambia mganga kwamba uso unawaka, mganga humtazama, haoni kitu, akamwandikia dawa ya chunusi au ya mzio; miaka ikapita hivyo. Yafaa basi mgonjwa ajifunze kueleza anachohisi badala ya kungoja kionekane. Aseme joto huanza saa ngapi na baada ya kufanya nini. Auguse uso kwa nyuma ya mkono na kulinganisha shavu na shingo. Akiwa na simu yenye kamera, aupige uso picha nje ya nyumba mchana wakati umechafuka, maana siku ya kwenda hospitali huwa umetulia, kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu mkuu.

Sasa, iko rosasia inayokuja yenyewe, na iko nyingine inayofanana nayo kama pacha, inayoletwa na mkono wa mtu. Barua ya dada yetu inaelekea kwenye hii ya pili. Krimu nyingi za kujichubua zinazochanganywa vibandani hutiwa steroidi kali, kwa kuwa steroidi huifanya ngozi ipauke na ionekane laini kwa muda mfupi. Wala steroidi si sumu kwa asili yake. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, walitangaza kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi hutuliza ukurutu, na tangu hapo wagonjwa wasiohesabika wamepata nafuu kwa dawa za jamii hiyo. Kisha zikatengenezwa nyingine zenye nguvu mara nyingi zaidi. Mwaka 1969 Ian Sneddon, daktari wa ngozi wa Sheffield nchini Uingereza, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo juu ya wagonjwa wa rosasia ambao nyuso zao ziliharibiwa na krimu hizo kali. Zaidi ya miaka 50 imepita, na alichokieleza yeye ndicho hicho kinachosomeka katika barua kutoka Hai Cinema.

Jinsi inavyofanya kazi si jambo gumu kulielewa. Steroidi hukaza mishipa ya damu na kuunyamazisha mwili usilalamike. Ni sawa na kumziba mdomo mlinzi wa zamu anayepiga kelele kwamba adui ameingia: kelele zimekoma, adui bado yumo. Nguvu ya dawa ikiisha, mishipa hutanuka kuliko mwanzo. Wakati huo huo ngozi inakonda, na ngozi iliyokonda haiwezi kuzuia jua, moshi wala sabuni. Wengine huota vinyweleo mashavuni, wengine huona mistari ya mishipa karibu na pua. Kila akipaka ili kutuliza, huongeza unyonge wa ngozi ile ile anayotaka kuiponya.

Hapa kinamama watatuuliza: tutaijuaje krimu yenye steroidi? Ikiwa katika tyubu yenye maandishi, tazama nyuma yake. Ukikuta neno "clobetasol", "betamethasone" au "fluocinonide", hiyo ni steroidi kali na haikutengenezwa ili ipakwe usoni kila siku. Ikiwa katika kikopo kisicho na maandishi, jambo la busara ni kudhani kwamba ina kila kitu. Iko pia alama isiyo ya maandishi: krimu inayotuliza kila aina ya upele kwa usiku mmoja, na inayolipiza kisasi ukiiacha, aghalabu ina steroidi ndani.

Tusiseme uongo, kuacha si kazi nyepesi. Mtu aliyepaka usoni tu huweza kuacha mara moja, au daktari akampunguzia pole pole kwa kumpa krimu dhaifu zaidi kwa wiki chache. Lakini aliyepaka mwili mzima kwa miezi mingi asikate ghafla kabla ya kumwona daktari. Steroidi kali hupenya hadi ndani na kuvilaza viungo viwili vidogo vilivyokaa juu ya figo, ambavyo kazi yake mojawapo ni kuutengenezea mwili steroidi yake wenyewe. Ukiikata ile ya nje ilhali ya ndani bado imelala, unaweza kupatwa na udhaifu mkubwa, kizunguzungu na kutapika.

Na uso utachafuka kabla ya kutulia. Hili lazima lijulikane mapema, kwa sababu ndipo wengi wanaposhindwa. Siku chache baada ya kuacha, mashavu huvimba, vipele huongezeka, ngozi hukauka na kubanduka, na moto huwa mkali kuliko siku zote. Mwenye uso huamini kwamba ugonjwa umezidi na kwamba krimu ilikuwa ikimsaidia. Usiku wa tatu anainuka, anawasha tochi, anakitafuta kikopo. Kumbe hilo ndilo deni lenyewe linalolipwa. Wiki za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Baadaye kila wimbi huja dogo kuliko lililotangulia, ingawa kwa aliyepaka miaka, kazi yote huweza kuchukua miezi kadhaa.

Bwana askari unayesoma ukurasa huu nyumbani kwako, neno hili ni lako. Umemwambia mkeo aitupe krimu, na umesema kweli. Lakini akiitupa atakuwa na sura mbaya kwa wiki nyingi kuliko alivyokuwa nayo akiipaka, naye atakutazama usoni ajue unamwonaje. Ukimcheka siku hizo, au ukimwuliza mbele ya wageni amepatwa na nini, umemrudisha kibandani. Jiko la makaa wakati huo lishikwe na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni wewe.

Wala tusijifanye hatujui kwa nini kikopo kilinunuliwa. Nchi hii ndiyo iliyomzaa Alek Wek wa Wau, ambaye uso wake mweusi ulipamba jalada la jarida la Elle la Marekani mwaka 1997, na ulimwengu ukamsifu kwa ule weusi. Hata hivyo kwenye arusi zetu za Juba, bibi arusi anayesifiwa mara nyingi ni yule aliyepauka. Wanaume wanaozilaani krimu hizo barazani ndio wanaogeuza shingo barabarani. Tuyaache hayo kwa leo.

Katika wiki hizo za kuacha, kazi kubwa ni kupunguza vitu usoni, si kuviongeza. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida yasiyo moto, kama yale ya mtungi wa udongo, na sabuni laini isiyo na manukato, kwa viganja vitupu. Usisugue kwa kitambaa wala dodoki. Kausha kwa kugusisha taulo. Weka kando dilka, limau, dawa ya meno, sabuni za dawa, na kila kinachowasha hata kama jirani anakisifu. Uso ukiwaka, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika chache. Barafu iachwe, kwani ngozi nyonge huumia kwa baridi kali kama inavyoumia kwa moto.

Ngozi ikikauka, paka utando mwembamba wa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, au mafuta ya lulu. Wageni wa nchi hii wanaolijua neno lulu kwa Kiswahili hudhani tunasema johari itokayo baharini. Hapa ni mafuta ya njugu za mti uotao Bahr el Ghazal na Equatoria, ambayo mabibi zetu wameyapaka tangu zamani. Lulu yetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na katika joto la Juba huyeyuka yenyewe. Nunua isiyochanganywa na manukato. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku mbili tatu, ndipo uipeleke usoni. Lulu haiponyi rosasia. Huilinda ngozi wakati inajijenga. Tunasema hivyo kwa sababu tumesikia ikiuzwa kama dawa ya kila kitu, nalo ni jambo la kusikitisha kwa mafuta mazuri hivyo.

Ama dawa zenyewe za hospitali, zipo, na baadhi yake majina yake yanajulikana tayari majumbani mwenu kwa kazi nyingine. Metronidazoli, ambayo kila familia imewahi kuimeza kwa ajili ya tumbo, hutengenezwa pia kama jeli ya kupaka kwa rosasia. Ivamektini, vidonge vinavyogawiwa vijijini kuzuia upofu wa usubi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kama krimu ya uso, nguvu yake ikiwa asilimia 1. Asidi ya azelaiki hutuliza vipele na pia hufifisha madoa meusi yanayobaki baada yake. Kwa ngozi zetu hiyo ni faida mbili, na madaktari huwapa hata wajawazito. Kwa wenye vipele vingi, daktari huongeza vidonge vya doksisaiklini, ambavyo askari waliowahi kutumika pamoja na vikosi vya kulinda amani wanavijua kama kinga ya malaria.

Kwa kuwa majina hayo yanajulikana, hatari nayo ipo karibu. Usisage vidonge vya tumbo ukavichanganya na mafuta nyumbani. Vidonge vya usubi havikupimwa kwa ajili ya uso wako, na ivamektini ya sindano inayochomwa ng'ombe isiguse uso wa mtu kabisa, ingawa tunajua ipo katika kambi za mifugo na bei yake ni nafuu. Doksisaiklini hapewi mama mjamzito wala mtoto mdogo wa chini ya miaka 8, na anayenyonyesha, kama dada yetu, lazima amwambie daktari hivyo kabla ya kuandikiwa. Humezwa kwa kikombe kizima cha maji, mtu akiwa amekaa au amesimama, na asilale mara moja, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma. Tena huifanya ngozi iungue upesi juani. Kwa polisi wa barabarani anayesimama kwenye mzunguko saa sita mchana, hilo si jambo dogo. Amweleze daktari kazi yake ni ipi.

Dawa hizi hazifanyi kazi kwa usiku mmoja kama krimu ya kibandani. Hupimwa kwa wiki 8 hadi 12. Mwenye kuzipaka siku tano na kusema hazifai hajazijaribu bado.

Mahali pa kuanzia, kwa familia za polisi, ni hospitali yao ya Buluk. Kwa za wanajeshi, hospitali ya jeshi. Na kwa kila mtu, Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Mwenye ndugu Moshi, Tanzania, ajue kwamba katika hospitali ya KCMC kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1992 kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na pale maradhi ya ngozi nyeusi ndiyo kazi ya kila siku. Lakini mshahara unapochelewa, safari hiyo hubaki ndoto, na ndiyo maana tumeanza na mambo yasiyo na gharama: kuacha, maji baridi, mafuta matupu, kivuli.

Kivuli tumekitaja mwisho, lakini kwa mji huu kingestahili kutajwa mwanzo. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto hapa Juba. Joto linalomwangusha mtoto mzima wa afya litaufanya nini uso wenye rosasia? Bereti ni vazi la heshima, ila haimpi askari kivuli hata cha pua. Kofia ya ukingo mpana ya porini humfaa zaidi pale kamanda anaporuhusu. Mama anayekwenda sokoni achukue mwavuli, au ajitande kitambaa chepesi cha pamba. Mafuta ya kukinga jua yenye madini ya zinki hufaa kwa ngozi nyonge, ila huacha weupe kama majivu. Yale yaliyotiwa rangi ya kahawia hukubaliana na sisi zaidi.

Jikoni, weka jiko nje au mlangoni, simama upande upepo unakotoka, utumie mwiko mrefu, na mapishi marefu ya maharage yafanywe alfajiri. Shata ipunguzwe sahanini mwako, si lazima kwa nyumba nzima. Kuhusu chai na kahawa, iko habari njema. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani Jonathan Wilkin alionyesha kwamba uso wa mgonjwa wa rosasia huwashwa na moto wa kahawa, wala si kafeini iliyomo ndani yake. Basi endelea kukaa kwa mama wa chai chini ya mwembe. Acha tu gilasi ipoe kidogo wakati wengine wanaunguza ndimi zao. Kila mtu ana vichocheo vyake. Andika katika daftari kwa wiki mbili ulikula nini na ulikuwa wapi uso ulipowaka, nawe utavijua kuliko sisi.

Tumesema na kinamama muda mrefu, lakini rosasia huwapata wanaume pia, na kwao huweza kuja kwa sura nyingine: ngozi ya pua hunenepa pole pole, matundu yake hupanuka, pua ikawa kama tunda lenye vinundu. Katika kambi mtu wa namna hiyo huitwa mlevi. Ni kweli kwamba araki na bia huuwasha uso wa mwenye maradhi haya, na ni vyema azipunguze. Lakini pua hiyo huwaota hata wasioonja pombe maishani mwao. Wako watu waliokosa kuaminiwa kwa sababu ya pua. Ikionwa mapema hutibika kwa dawa. Ikishanenepa sana huhitaji kisu cha daktari.

La macho ni zito zaidi. Rosasia huweza kuingia kwenye kope: macho huwasha kama yenye mchanga, hukauka, huwa mekundu, na chokea hurudi kila mara. Wengi hudhani ni vumbi la Juba. Osha kope kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Na jicho likianza kuuma, kuogopa mwanga au kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kioo cha jicho kikidhurika uoni hupotea. Usiweke matone yenye steroidi bila daktari wa macho. Kwa dereva wa gari la jeshi hakuna haja ya kueleza zaidi.

Tena si kila uso wenye vipele ni rosasia, hasa katika nchi yetu. Mtu aliyewahi kutibiwa kala-azar akaona baada ya miezi vipele vikianzia karibu na mdomo na kuenea usoni, asipake chochote. Huo huweza kuwa mkia wa ugonjwa ule ule kwenye ngozi, na usipotambuliwa inzi wadogo wa mchanga huweza kuuchukua kutoka kwake na kuwapelekea wengine. Bato lisilohisi ukiligusa, au masikio yaliyonenepa, linataka uchunguzi wa ukoma, ambao siku hizi hutibika kwa vidonge. Na upele wa mashavu ulioambatana na homa, maumivu ya viungo, kunyonyoka nywele na vidonda vya mdomo usingoje ukurasa huu wa wiki ijayo.

Limebaki jambo moja katika barua ya dada yetu, ambalo yeye mwenyewe hakuliuliza. Baadhi ya krimu za kujichubua hutiwa zebaki. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na haibaki kwa aliyejipaka peke yake: huhamia kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mikono, na kwa mtoto anayenyonya shavu lake likiwa limelalia shavu la mama. Mkataba wa dunia wa Minamata uliotiwa sahihi mwaka 2013 ulipiga marufuku kuanzia 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, na mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 ukaamua vyote viishe ifikapo 2025. Vibanda havisomi mikataba. Kwenye kopo lenye maandishi, neno "calomel" au "mercury" ni onyo. Na hata pasipo neno hilo, krimu inayokuonya usiigusishe na dhahabu, fedha au aluminiamu inakwambia kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo kikopo kisitupwe chooni wala kisichomwe motoni, kwani mvuke wa zebaki ni sumu. Foronya na taulo zifuliwe peke yake, na mtoto apewe taulo lake. Dada wa Hai Cinema, utakapokwenda hospitali mchukue na mtoto, ueleze kwamba ananyonya, uombe ninyi wawili mpimwe mkojo, na kikopo kile ukichukue kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni ili daktari akione.